Kituo cha Anga za Juu: Nyumba Inayoanguka Saa Zote, na Kwa Nini Watu Huishi Humo

Tangu tarehe 2 Novemba 2000 haijapita siku hata moja ambayo binadamu wote walikuwa duniani. Kijana aliyezaliwa mwishoni mwa mwaka ule sasa ni mtu mzima, na katika maisha yake yote pamekuwepo watu wengine wanaolala, wanaokula na kufanya kazi kule juu, wakipokezana zamu bila kukatika. Mahali hapo panaitwa Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Wengi tumelisikia jina hilo kwenye taarifa ya habari, hasa pakitokea tatizo, kama mwaka 2024 wanaanga wawili wa Marekani, Butch Wilmore na Suni Williams, walipokwenda kwa safari ya siku nane hivi wakakaa miezi tisa kwa sababu chombo kilichowapeleka kilikuwa na hitilafu. Lakini ukiuliza kituo chenyewe ni kitu gani, na kwa nini mataifa yanatoa mabilioni ya dola kukiweka hai, majibu huwa ya juujuu. Naamini mtu yeyote anaweza kulielewa jambo hili vizuri, mradi tuanze na kitu kimoja ambacho karibu kila mtu hukifahamu kinyume.

Kwanza, tujue tunazungumzia nini. Roketi kazi yake ni kupandisha mzigo. Chombo cha abiria, kama Soyuz ya Urusi au Dragon ya kampuni ya SpaceX, kazi yake ni kuwapeleka watu na kuwarudisha, ndiyo maana kina ngao ya kuzuia joto na miamvuli ya kutulia. Kituo cha anga hakina ngao hiyo wala miamvuli, maana hakikuundwa ili kirudi. Kimejengwa kwa ajili ya kukaa: kina milango ya kupokelea vyombo vingine, vyumba vya kulala, mitambo ya kutengeneza hewa na kusafisha maji, maabara, na paneli kubwa za sola.

Leo viko viwili vyenye watu. Kikubwa ni hicho cha Kimataifa, kinachoendeshwa na mashirika matano: NASA ya Marekani, Roscosmos ya Urusi, ESA ya Ulaya, JAXA ya Japani na CSA ya Kanada. Kina uzito wa tani 420 hivi, na kutoka ncha hadi ncha, pamoja na paneli zake, kina urefu wa mita 109. Kwa kawaida wanaishi humo watu saba. Cha pili ni Tiangong cha China, kidogo zaidi, chenye uzito wa karibu tani 100 kikiwa na vyombo vilivyotia nanga, na zamu yake ni ya watu watatu.

Viko mbali kiasi gani? Kituo cha Kimataifa kiko kilomita 400 hivi kutoka usawa wa bahari. Huo ni umbali wa Dar es Salaam hadi Dodoma ukipima kwa mstari ulionyooka. Watu husikia neno anga za juu wakafikiria mwezi na nyota, kumbe kituo kinatuzunguka hapa hapa karibu. Kigumu ni mwendo. Kinakwenda kilomita 28,000 kwa saa, yaani umbali huo wa Dar hadi Dodoma huumaliza chini ya dakika moja. Dunia nzima huizunguka kwa dakika 90 na kidogo, mara 16 kwa siku, na njia yake hupita juu ya bara lote la Afrika. Jioni isiyo na mawingu, giza linapoanza kuingia, au alfajiri kama saa kumi na moja, unaweza kukiona kwa macho tu: nuru nyeupe isiyopepesa wala kumetameta, inakatiza anga kwa dakika chache kisha inazimika ghafla kwa kuwa imeingia kwenye kivuli cha dunia. NASA hutangaza saa za kupita kwake kwa miji mingi, na ya kwetu imo.

Sasa tuje kwenye lile linaloeleweka kinyume. Tunaona picha za wanaanga wakielea, nywele zimesimama, matone ya maji yakiogelea hewani, tukaambiwa shuleni kwamba huko juu hakuna mvutano wa dunia. Si kweli. Kwenye kilomita 400 mvutano wa dunia bado una karibu asilimia 90 ya nguvu ulio nayo hapa chini. Lau ungejenga mnara wenye kimo hicho ukasimama kileleni na mizani yako, mtu anayesoma kilo 70 hapa angesoma kama 62 kule. Asingeelea hata kidogo, na akijirusha angeanguka kama jiwe.

Mwanaanga naye anaanguka kama jiwe. Kituo kizima kinaanguka, mchana na usiku, tangu siku kilipopandishwa. Swali ni kwa nini hakifiki chini, na jibu lake Isaac Newton alilifikiria katika karne ya 17. Ukirusha jiwe mbele yako, linakwenda huku likishuka, kisha linagota ardhini. Ukilirusha kwa nguvu zaidi litagota mbali zaidi. Lakini ardhi yenyewe si bapa, imepinda. Kila ukienda kilomita 8 hivi mbele, uso wa dunia unakuwa umeshuka kama mita 5. Na kitu chochote kinachoanguka, katika sekunde yake ya kwanza, hushuka pia kama mita 5. Kwa hiyo kitu kikipata mwendo wa karibu kilomita 8 kwa sekunde, kila kinaposhuka kuifuata ardhi, ardhi nayo inakuwa imejipinda kukikwepa kwa kiasi kilekile. Kinaendelea kuanguka, na kinaendelea kukosa. Bila mvutano wa dunia kituo kingetoroka kwa mstari ulionyooka na tusingekiona tena. Mvutano ndio unaokishikilia kwenye duara lake.

Na wale walio ndani? Aliyewahi kukaa kiti cha nyuma kabisa kwenye basi linalovuka tuta kwa kasi anaijua hali hiyo: kwa nukta moja unanyanyuka, tumbo linapanda, kiti hakikusukumi tena. Uzito tunaousikia mwilini ni ule msukumo wa kiti au sakafu inayotuzuia tusianguke. Ndani ya kituo sakafu inaanguka pamoja nawe kwa mwendo uleule, kwa hiyo haikusukumi, na ile nukta ya kwenye basi inadumu miezi sita.

Nimekaa sana kwenye jambo hili kwa makusudi, kwa sababu karibu kila matumizi ya kituo yanazaliwa hapo. Duniani kila jaribio tunalofanya lina mvutano ndani yake kama mchanganyaji asiyealikwa. Hewa ya moto hupanda, ya baridi hushuka. Chembe nzito huzama chini ya glasi, mapovu hupanda juu. Mwali wa mshumaa una ncha kwa sababu hewa ya moto inakimbilia juu. Unaweza kuzuia mwanga, sauti, joto na hata hewa visiingie kwenye maabara yako, lakini uzito huna namna ya kuuzuia kwa zaidi ya sekunde chache. Ukitaka uondoke kwa siku, wiki au mwaka, itakubidi maabara nzima ianguke bila kufika. Huko kuanguka ndiko kunakonunuliwa kwa bei yote ile.

Wa kwanza kujenga nyumba ya aina hii walikuwa Wasovieti. Wamarekani walikuwa wamewatangulia kufika mwezini mwaka 1969, nao wakaelekeza nguvu kwenye kukaa muda mrefu. Salyut 1 ilirushwa tarehe 19 Aprili 1971. Kikosi cha kwanza kilishindwa kuunganisha chombo chake sawasawa, kikarudi bila kuingia ndani. Mwezi Juni wakaingia Georgy Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev, wakakaa zaidi ya wiki tatu, muda ambao hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuufikisha. Walipokuwa wanarudi, vali moja ya hewa ilifunguka mapema wakiwa bado juu. Hewa yote ikatoka, na chombo kilikuwa finyu mno kiasi kwamba hawakuwa wamevaa mavazi ya kinga. Chombo kilitua salama kwa miamvuli yake, tarehe 30 Juni. Waokoaji walipofungua mlango waliwakuta wamefariki. Hadi leo hao watatu ndio binadamu pekee waliofia nje ya angahewa ya dunia, na tangu msiba wao hakuna anayepanda au kushuka na Soyuz bila vazi la kinga.

Wamarekani walifuata na Skylab mwaka 1973. Ilipata majeraha dakika za mwanzo tu za safari: ngao yake ya nje iling'oka na paneli moja ya sola ikaenda nayo, ndani kukawa tanuri. Kikosi cha kwanza kilikuta kazi ya mafundi inakisubiri, kikatandaza kivuli cha kitambaa juu ya nyumba na kukata kipande cha chuma kilichoifunga paneli iliyosalia. Vikosi vitatu viliishi humo, cha mwisho siku 84. Kisha ikaachwa bila mtu na bila chombo cha kuisukuma juu, na mwaka 1979 ikaanguka, vipande vyake vikatua magharibi ya Australia.

Mir ya Wasovieti, iliyoanza Februari 1986, ndiyo iliyofundisha namna ya kujenga kwa vipande: chumba kimoja kinarushwa, kinafuatwa na kingine, vinaunganishwa huko huko juu. Daktari Valery Polyakov alikaa humo siku 437 mfululizo kati ya 1994 na 1995, na rekodi hiyo haijavunjwa. Sergei Krikalev naye alipanda mwaka 1991 akiwa raia wa Umoja wa Kisovieti, akashuka Machi 1992 nchi iliyomtuma ikiwa haipo tena. Vita Baridi vilipokwisha, Wamarekani walianza kwenda Mir kama wageni, na katika ugeni huo mpango wa kujenga kituo cha pamoja ukakomaa. Chumba cha kwanza cha Kituo cha Kimataifa, Zarya, kilirushwa kutoka Baikonur, Kazakhstan, tarehe 20 Novemba 1998. Cha Kimarekani, Unity, kilikifuata wiki mbili baadaye. Miaka miwili mbele kikosi cha kwanza kikahamia: Mmarekani Bill Shepherd pamoja na Warusi Yuri Gidzenko na huyo huyo Krikalev.

China haikualikwa. Mwaka 2011 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayoizuia NASA kushirikiana moja kwa moja na serikali ya China bila kibali maalumu, nao Wachina wakaendelea na mpango wao wa kujenga chao. Chumba kikuu cha Tiangong kilirushwa Aprili 2021, na maabara zake mbili mwaka 2022.

Kuishi ndani ya nyumba hizi ni kazi ya kila saa, na hapa ndipo ninapoona ustadi mkubwa kuliko hata ule wa roketi. Hakuna kitu kinachojiendesha chenyewe kama tulivyozoea. Tuchukue pumzi. Wewe ukilala, hewa uliyoitoa ina joto, inapanda, nyingine safi inaingia mahali pake. Kule hewa ya moto haipandi, maana hakuna juu. Mwanaanga akilala mahali pasipo na feni, hewa chafu anayoitoa inaweza kujikusanya kama puto mbele ya uso wake mpaka aamke na kichwa kinachouma. Kwa sababu hiyo feni hazizimwi kamwe, na kituo hakina ukimya.

Oksijeni hupatikana kwa kupitisha umeme kwenye maji na kuyatenganisha. Maji yenyewe hukusanywa kutoka kwenye mkojo, jasho na mvuke wa pumzi, yakachujwa na kusafishwa mpaka yanywewe upya. Mwaka 2023 NASA ilitangaza kwamba mitambo ya upande wake imefikia kurudisha asilimia 98 ya maji. Sisi tunaoishi kwenye miji ambayo bomba hutoka kwa mgawo tuna kila sababu ya kuifuatilia teknolojia hii kwa makini.

Umeme unatoka kwenye jua, ila kila mzunguko una usiku wake wa zaidi ya nusu saa, kwa hiyo betri hujazwa na kumalizwa mara 16 kwa siku. Na joto, ambalo wengi hawalifikirii kabisa, ni adui mkubwa. Anga za juu huitwa baridi, lakini utupu hauondoi joto: nje hakuna hewa ya kulipokea. Kompyuta, mitambo na miili ya watu saba vingeigeuza nyumba kuwa jiko. Basi maji huzunguka ndani yakikusanya joto, yanalikabidhi kwa amonia iliyo kwenye mabomba ya nje, nayo inalipeleka kwenye mabapa makubwa meupe yanayolitoa polepole kama mnururisho, yaani joto linalosafiri bila kuhitaji hewa. Bomba moja la amonia likivuja, mafundi wavae mavazi yao watoke nje.

Zaidi ya hayo, kwenye kilomita 400 bado kuna chembe za angahewa, chache mno, lakini zinatosha kukipunguzia kituo mwendo. Kisipoguswa kinashuka kama kilomita 2 kwa mwezi. Kila baada ya muda injini, mara nyingi za chombo cha mizigo cha Kirusi kilichotia nanga, huwashwa kukisukuma juu tena.

Kuna swali jingine la maisha ya humo ambalo wasomaji wengi wa Kiislamu huliuliza, na ni swali zuri: jua likichomoza mara 16 kwa siku, mtu atafungaje, ataswali saa ngapi, na kibla kiko wapi? Liliwahi kujibiwa kwa uzito wake. Mwaka 2007 daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alikwenda kituoni wakati wa Ramadhani, na wanazuoni wa nchi yake wakaandaa mwongozo: saa za swala zifuate mahali alipoondokea, yaani Baikonur, na kibla akielekee kwa kadiri anavyoweza, kwanza Kaaba yenyewe, ikishindikana upande wake, kisha dunia, kisha popote. Sultan Al Neyadi wa Falme za Kiarabu, aliyekaa huko kuanzia Machi hadi Septemba 2023, alieleza kwamba yeye ni msafiri na msafiri ana ruhusa ya kula. Al Neyadi ndiye Mwarabu wa kwanza kutoka nje ya kituo akiwa amevaa vazi la anga, Aprili mwaka huo.

Haya, kazi zenyewe. Kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni mwili wa binadamu. Mfupa usiobeba uzito mwili huuhesabu kama usio na kazi, na huanza kuuvunja. Wanaanga wasiofanya mazoezi ya kutosha wanaweza kupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mifupa ya nyonga kila mwezi, kasi ambayo mzee mwenye ugonjwa wa mifupa myepesi hapa chini huifikia kwa mwaka. Damu na majimaji hupanda kichwani, uso unavimba, miguu inakonda, na baadhi yao macho hubadilika wakashindwa kuona vizuri karibu. Ndiyo sababu kila siku wanatumia kama saa mbili wakikimbia huku wamefungwa mikanda na kuvuta mashine za kujenga misuli. Scott Kelly alipokaa siku 340 kati ya 2015 na 2016, pacha wake wa kufanana, Mark, alibaki duniani, na wanasayansi wakailinganisha miili yao kuanzia vinasaba hadi mishipa. Kila kinachojifunzwa hapo kina pande mbili: kinamhusu atakayesafiri miezi mingi kwenda Mirihi, na kinamhusu bibi wa miaka 70 anayeogopa kuteleza bafuni.

Moto nao umefundisha mengi. Bila hewa ya moto kupanda, mwali unakuwa mpira wa samawati, na unaweza kuchunguzwa bila vurugu. Mwaka 2012, katika majaribio ya kuchoma matone ya mafuta, watafiti walishangaa kuona tone linaendelea kuungua hata baada ya mwali kutoweka machoni, kwa joto la chini sana kuliko la kawaida. Hakuna aliyekuwa ametabiri tukio hilo, na sasa linachunguzwa na wanaotaka injini zinazochoma mafuta kidogo na kutoa moshi mchache.

Kuna fuwele za protini, ambazo kule hukua kubwa na zilizopangika vizuri kwa sababu hazizami wala hazichafuliwi na mikondo, zikawasaidia watengenezaji dawa kuona umbo la kitu wanachopigana nacho. Agosti 2016 mwanaanga Kate Rubins, ambaye ni mtaalamu wa virusi, alisoma vinasaba kituoni kwa kifaa kinachoenea kiganjani. Mwaka mmoja kabla yake wenzake walikula saladi waliyoilima wenyewe. Na nje, juu ya fremu, tangu Mei 2011 kuna mtambo uitwao AMS unaohesabu chembe zinazotujia kutoka mbali kwenye ulimwengu. Umekwisha kunasa mabilioni juu ya mabilioni yazo, ukitafuta dalili za maada tusiyoiona.

Kituo hutazama pia chini. Kifaa cha leza kiitwacho GEDI, kilichopelekwa mwishoni mwa 2018, kinapima urefu wa miti na hivyo kukadiria kaboni iliyohifadhiwa kwenye misitu. Msitu wa Kongo, ambao hakuna kikosi cha wapimaji kinachoweza kuumaliza kwa miguu, umo kwenye njia yake. Kingine, ECOSTRESS, kinapima joto la majani ya mimea na kuonyesha ni mashamba yapi yameanza kuteseka kwa kukosa maji kabla jicho la mkulima halijaona unyaufu.

Kisha kuna matumizi ambayo yametufikia moja kwa moja. Maabara ya Kijapani, Kibo, ina kijimlango cha kupitishia vifaa nje bila mtu kutoka. Tarehe 11 Mei 2018 mkono wa roboti ulikishika kisanduku nje ya mlango huo, springi zikafyatuka, na setilaiti ya kwanza ya Kenya, mchemraba wa sentimita 10 kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, ikaanza kuizunguka dunia. Nafasi hiyo ilipatikana kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na Japani wa kuzisaidia nchi zisizo na roketi. Mwaka 2019 ikafuata RWASAT-1 ya Rwanda, na Desemba 2022 PearlAfricaSat-1 ya Uganda. Njia hii ni rahisi kwa vyuo kwa sababu setilaiti husafiri imefungwa kwa vitu laini kwenye mizigo, haipati mtikisiko mkali wa roketi, na wanaanga wanaweza kuikagua kabla ya kuiachia. Kasoro yake ni kwamba inaanzia chini, kwa hiyo ile hewa kidogo huishusha na kuiunguza baada ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wahandisi vijana wanaojifunza, muda huo unatosha.

Wako wanaosema fedha hizi zingejenga hospitali, nami siwezi kuwapuuza. Kituo cha Kimataifa kimekula zaidi ya dola bilioni 100 tangu kianze kujengwa, na NASA peke yake hutumia kwa ajili yake kama bilioni 3 kwa mwaka. Baadhi ya majaribio yaliyofanyika huko yalikuwa madogo, na mengine yangeweza kufanywa na mashine zisizo na mtu. Hata hivyo sidhani kuna mahali pengine ambapo mataifa yenye uhasama yamelazimika kutegemeana kiasi hiki. Upande wa Kirusi ndio wenye injini kuu, wa Kimarekani ndio wenye umeme mwingi, na hakuna anayeweza kuondoka na nusu yake. Vita vya Ukraine vilipozuka Februari 2022, uhusiano wa serikali hizo ulivunjika karibu kila mahali isipokuwa hapo. Septemba mwaka huohuo Mmarekani Frank Rubio alipanda kwa Soyuz ya Kirusi. Chombo hicho kilipovuja kimiminika cha kupozea mwezi Desemba, Warusi walituma kingine kitupu kumfuata yeye na wenzake wawili, akarudi salama baada ya siku 371.

Kituo hicho sasa kimezeeka. Chumba kimoja cha Kirusi kilipata nyufa zilizovujisha hewa, na mpango ni kukiangusha chote mwaka 2030 au muda mfupi baadaye. Kukisukuma juu zaidi kingekutana na takataka nyingi za anga, na kukirudisha kipande kimoja kimoja haiwezekani tena kwa sababu vyombo vya Kimarekani vilivyokuwa na uwezo wa kubeba vyumba vyake vilistaafishwa mwaka 2011. Juni 2024 NASA iliipa SpaceX mkataba wa hadi dola milioni 843 wa kutengeneza chombo cha kukisukuma kwa mara ya mwisho, ili kile kisichoungua hewani kiangukie sehemu ya Bahari ya Pasifiki ya Kusini iliyo mbali na watu wote, ambako Mir ilizamishwa mwaka 2001.

Baada ya hapo Marekani inataka kampuni binafsi zijenge vituo vyao, na serikali ziwe wapangaji. India imesema itajenga chake kufikia 2035. Kibo itakuwa imekwenda, na pamoja nayo ile nafasi ya bure waliyoipata Nairobi na wenzao, kampuni zitatoza. Kituo pekee ambacho kwa hakika kitakuwa juu ni Tiangong, nacho kimeshafungua maombi kwa wageni. Juni 2019 Umoja wa Mataifa na shirika la anga la China walitangaza miradi tisa iliyochaguliwa kwenda humo, kutoka taasisi za nchi 17. Mmoja wao unaitwa Baridi Sana: ni mfumo mdogo wa kupoza vifaa vya angani, na umeandaliwa na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma pamoja na Chuo Kikuu cha Machakos.